Kila Mmea na Kwao: Kisa cha Miparachichi ya Kaloleni

Na achukuliwe karani mmoja wa mtaa wa Kaloleni, mashariki ya Nairobi, awe mfano wa watu wengi. Mama yake alimjia kutoka Murang'a mwezi wa Machi, siku chache kabla ya mvua ndefu, akiwa na miche mitatu ya mparachichi ndani ya kiondo, mizizi yake imefungwa vema katika udongo mwekundu wa nyumbani. Miche ikapandwa nyuma ya nyumba, ikazungushiwa miiba ili mbuzi na watoto wasiiguse. Mwezi wa kwanza majani yalimetameta. Mwezi wa pili yakageuka rangi ya manjano. Ulipofika mwezi wa Juni, miche yote mitatu ilikuwa vijiti vikavu.

Hapo ikawa kesi. Jirani wa karani alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli, na ilijulikana kwamba watu wa nyumba yake humwaga maji ya kufulia karibu na ua.

"Mwanangu," mama alisema, "mti haufi bure. Huu umeuawa."

Karani hakujibu neno, lakini tangu siku hiyo akawa anapita mlangoni kwa mzee bila kumwamkia. Majuma mawili yakapita hivyo. Mzee alipopata habari ya kisa hicho, hakwenda kugombana. Alichukua jembe lake akaja kubisha hodi.

"Karibu, Mzee," karani akaitika, macho yake yakiwa chini.

"Sikuja kukaa. Nimesikia kwamba miti ya mama yako imekufa kwa sabuni yangu. Nipe ruhusa niichimbue, nayo yenyewe itoe ushahidi."

Alipochimba futi moja na nusu, jembe lilitoa mlio wa tope. Maji ya mvua ya mwezi wa Mei yalikuwa bado yametuama chini ya shimo, yakinuka, na mizizi ya miche ilikuwa myeusi, imeoza. Mzee akatwaa donge la udongo akamtia mama mkononi.

"Tazama, mama. Udongo wa kwenu huvunjika mkononi kama mkate. Huu wa hapa ukilowa ni ulimbo, na ukikauka ni jiwe. Miti yako haikuuawa na mtu. Imekufa maji."

Mama aligeuza lile donge mara mbili tatu, kisha akasema, "Kumbe tumekukosea, baba."

Ugomvi ukaishia hapo, na chai ikaletwa. Lakini swali lililofukuliwa na jembe la mzee ni kubwa kuliko ua mmoja wa Kaloleni. Kwa nini mti ustawi Murang'a, nao ufe mwendo wa saa mbili kutoka hapo? Kwa nini nchi moja ijaliwe misitu na nyingine miiba? Wataalamu wamelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 200, na mkaaji wa Eastlands anao ushahidi mwingi wa majibu yao mbele ya mlango wake.

MJI MMOJA, NCHI MBILI

Mtu akipanda gari Dagoretti asubuhi, akashuka Embakasi, atakuwa amekwenda maili kumi na ushei tu. Hata hivyo amehama nchi. Dagoretti iko karibu futi 5,900 juu ya usawa wa bahari, nayo hupata mvua kama inchi 40 kwa mwaka, yaani milimita 1,000. Embakasi iko karibu futi 5,300, na mvua yake hupungua hata kufika kama inchi 30. Tofauti ya futi 600 na inchi 10 yaweza kuonekana ndogo katika daftari la karani, lakini kwa mmea ni tofauti ya shibe na njaa.

Tena kuna udongo. Nairobi yote imekaa juu ya miamba iliyotoka katika volkano za zamani. Upande wa magharibi, penye mteremko na mvua nyingi, maji hupita katika udongo na kwenda zake, na kwa muda wa miaka maelfu mwamba umeoza ukawa udongo mwekundu wenye kina kirefu. Hewa huingia ndani yake, na mizizi hushuka bila kizuizi. Upande wa mashariki nchi ni tambarare. Maji hayana pa kwenda, hutuama, na kilichotokea hapo ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kwa kawaida si mrefu kabla ya kufika kwenye mwamba mgumu. Mafundi wa ujenzi wanaujua sana, maana hawathubutu kuweka msingi juu yake. Huuchimba wakautupa, au huteremsha msingi mpaka kwenye mwamba. Sababu ni kwamba udongo huo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutia mkono mzima, na kila ufa unapofunguka hukata mizizi iliyopita hapo. Kwa hiyo mti katika udongo huo hupata mateso mawili katika mwaka mmoja: wakati wa mvua hukosa hewa, na wakati wa jua hukatwa mizizi.

Ye yote atakaye kuona jinsi nchi ilivyokuwa kabla ya nyumba kujengwa, na atembelee Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Upande wake wa magharibi, juu ya mwinuko, kuna msitu wa mihugu na mizeituni ya mwitu. Akielekea mashariki atauona msitu ukikoma, na mbele yake ni mbuga ya majani na migunga mifupi mpaka macho yanaposhindwa. Mpaka huo haukuchorwa na mtu. Nao hauishii penye ua wa hifadhi, kwa kuwa misitu ya Karura na Ngong iko upande mmoja wa mji, na mitaa ya Makadara, Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole iko upande ambao zamani ulikuwa wa mbuga.

Wala isidhaniwe kwamba udongo mweusi ni udongo mfu. Unao wenyeji wake. Mmoja ni mgunga mfupi ambao hutoa vifundo vyeusi, vilivyo wazi ndani, penye miiba yake. Katika vifundo hivyo huishi sisimizi, ambao hutoboa matundu ya kuingilia, na upepo ukipita katika matundu hayo mti hupiga mluzi. Mnyama akija kula majani, sisimizi humtokea na kumwuma midomo. Mti huwapa wadudu nyumba, nao huwa askari wake. Mgunga huo hupatikana katika Afrika ya Mashariki tu, tena huupenda sana udongo mweusi ambao miti mingine huukimbia. Kwa hiyo jambo lililomwua mparachichi ndilo lililompa mgunga huu nchi yake.

SABABU ZA MBALI

Mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, alipanda mlima Chimborazo katika Amerika ya Kusini mwaka 1802 pamoja na mwenzake Mfaransa, Aimé Bonpland. Waliona kwamba mtu apandapo mlima mrefu huacha mimea ya joto chini, akapita katika misitu, kisha majani mafupi, mwisho mawe na theluji, kana kwamba amesafiri kutoka Ikweta hata nchi za barafu. Mwaka 1807 Humboldt alitoa kitabu juu ya jambo hilo, na tangu hapo elimu ya makao ya mimea imekuwa elimu kamili.

Msafiri wa gari la moshi atokaye Mombasa huiona elimu hiyo dirishani. Minazi humwaga mara tu aachapo pwani. Mibuyu humsindikiza mpaka nchi ya Kibwezi, lakini gari likiendelea kupanda kuelekea nyanda za Kapiti na Athi, mibuyu nayo hubaki nyuma. Baridi ya Nairobi haiwafai. Kwa sababu hiyo hiyo chai hustawi Limuru na Kericho, wala hailimwi Voi. Kimo na joto ni mlinzi wa kwanza wa mlango.

Mlinzi wa pili ni umbali. Mbegu haina miguu. Husafiri kwa upepo, kwa maji, na kwa matumbo ya ndege na wanyama, na mahali pasipofikika kwa njia hizo hubaki bila mmea, hata kama pangeufaa. Mpungate ni shahidi mwema. Jamii yote ya mipungate ni ya Amerika, isipokuwa aina moja ndogo ining'iniayo mitini, ambayo ilifika Afrika bila msaada wa mtu. Jangwa na nyika za Afrika zilifaa mipungate, lakini bahari ilikuwa katikati. Nafasi hiyo ilishikwa na jamii nyingine kabisa, ile ya mnyaa, ambayo nayo ilijifunza kuweka maji katika shina la kijani na kuacha majani. Leo mtu huweza kuona ua wa minyaa na kichaka cha mipungate pamoja, akadhani ni ndugu. Si ndugu. Ni wageni wawili waliofundishwa na jua moja.

Milima nayo ni kama visiwa. Juu ya Mlima Kenya, Kilimanjaro, Elgon na Ruwenzori huota mimea mikubwa ya ajabu ya jamii za lobelia na senesio, mingine mirefu kuliko mtu, ambayo katika nchi nyingine ndugu zake ni majani madogo ya bustani. Joto la nyanda zilizo katikati huitenga milima hiyo kama bahari inavyotenga visiwa, na kwa hiyo mlima mmoja huwa na aina ambazo mwingine hauna. Katika milima ya Usambara, Tanganyika ya zamani, Mjerumani mmoja, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta mwaka 1892 ua dogo la rangi ya urujuani likimea kwenye mawe yenye kivuli. Ua hilo sasa huuzwa katika vyungu ulimwenguni kote, lakini kwao ni milima michache ya Tanzania na Kenya.

Mlinzi wa tatu ni wakati. Uingereza ina aina za asili za mimea kama 1,500 tu, na Kenya ina kama 7,000. Kenya ni kubwa kuliko Uingereza, lakini si mara nne. Sababu moja ni joto na jua la mwaka mzima. Sababu nyingine ni kwamba miaka kama 20,000 iliyopita sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa chini ya barafu, na karibu kila mmea ulioko huko sasa ni mhamiaji aliyerudi baada ya barafu kuyeyuka. Usambara haikufunikwa na barafu. Misitu yake imedumu muda mrefu mno, na mahali palipokaliwa muda mrefu huzaa koo nyingi. Kitabu kikubwa cha mimea ya mwitu ya Kenya, Uganda na Tanzania, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012, kimeorodhesha aina zaidi ya 12,000. Kazi hiyo ilichukua miaka 60.

SAHANI YA ENDELEVU YA WAGENI

Baada ya udongo, joto, bahari na wakati, kuna mkono wa mtu, ambao umechanganya yote. Mke wa karani anapoandaa chakula cha jioni Kaloleni, ulimwengu mzima huwa juu ya meza. Mahindi ya ugali yalianza kulimwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita, yakafika pwani ya Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kuja. Sukuma wiki asili yake ni nchi zilizozunguka Bahari ya Kati. Nyanya ni ya Amerika ya Kusini. Kitunguu ni cha Asia ya Kati. Majani ya chai asili yake ni mipaka ya Uchina, Burma na Uhindi, na muwa uliotoa sukari ulianza kulimwa New Guinea. Hata parachichi, ambalo mama alilibeba kama kitu cha nyumbani, asili yake ni Mexico na nchi jirani. Mama hakuleta mwenyeji wa Murang'a. Alileta mgeni aliyepata makao mema Murang'a, akampeleka mahali ambapo hakuna makao.

Mtaalamu wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alitambua kwamba mimea ya chakula nayo haikutawanyika sawasawa mwanzoni. Ilitoka katika sehemu chache za dunia, karibu zote zikiwa nchi za milima. Alizunguka mabara matano akikusanya mbegu, na mwaka 1927 alikuwa Uhabeshi, ambako alikuta aina nyingi mno za ngano, shayiri na teff. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Alifungwa na serikali ya Stalin, akafa gerezani mwaka 1943. Nako Leningrad, mji ulipozingirwa katika vita, baadhi ya wasaidizi wake walikufa kwa njaa huku wakilinda magunia ya mbegu, wasile hata punje.

Afrika haikuwa maskini katika hesabu hiyo. Mtama, wimbi, kunde na kahawa ni mali yake. Historia ya kahawa ni ya kuchekesha kidogo: kwao ni misitu ya Uhabeshi, jirani kabisa wa Kenya, lakini haikuvuka mpaka huo kwa miguu. Ilivuka Bahari ya Shamu kwenda Yemen, ikachukuliwa hata kisiwa cha Bourbon katika Bahari ya Hindi, na mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wakaileta Kenya. Ilizunguka safari ndefu ya baharini ili ifike nyumba ya pili.

Mboga nazo zisahauliwe. Managu na saga humea zenyewe katika viwanja vya Eastlands baada ya mvua. Kwa miaka mingi watu wa mjini walizidharau, wakaziita chakula cha watu wasio na fedha. Tangu miaka ya 1990 wataalamu, wakiwamo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wamehimiza zirudi mezani, na leo huuzwa hata katika maduka makubwa. Hazikuwa mboga za umaskini. Zilikuwa mboga za kwao.

MSTARI ULIOCHORWA NA WATU

Sasa lafaa lisemwe jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Mtu akitazama Nairobi kutoka angani, ataona magharibi ni kijani na mashariki ni mabati. Ni rahisi kusema kwamba ndivyo udongo ulivyotaka. Udongo ulitaka sehemu, lakini si yote.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikapiga kambi kando ya bwawa la mafunjo, mahali pa maji baridi kama Wamasai walivyopaita. Mwaka 1907 ilianzishwa bustani ya miti, Arboretum, kwa kujaribu ni miti gani ya kigeni iwezayo kukua upesi, kwa kuwa garimoshi za wakati huo zilikula kuni. Bustani hiyo iliwekwa magharibi ya mji. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika ya Mashariki kuangalia afya ya miji, naye akashauri watu watengwe kwa rangi. Basi mji ukagawanywa. Nchi ya juu, yenye udongo mwekundu na upepo mwema, ikawa ya Wazungu, ambao walipewa viwanja vikubwa vya kutosha bustani. Waafrika walijengewa mashariki, kwenye udongo mweusi, karibu na reli na viwanda: Pumwani kwanza, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati na mingineyo. Nyumba nyingi zilikuwa za chumba kimoja, wala hazikukusudiwa watu wanaopanda mti wa kula wajukuu, bali wafanya kazi ambao siku moja wangerudi kwao.

Sheria hizo zilikwisha, lakini miti haikuhama. Kwa hiyo mkaaji wa Eastlands anaposikia kwamba mtaa wake hauna kivuli kwa sababu ya udongo, anaweza kujibu kwa heshima kwamba udongo ni nusu ya habari. Nusu nyingine iliandikwa kwa kalamu, na lililoandikwa kwa kalamu laweza kusahihishwa. Kaloleni kwenyewe ni ushahidi. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940 ukiachiwa viwanja wazi kati ya nyumba, na palipoachwa nafasi miti ilikua, udongo mweusi ukiwa ule ule.

Ushahidi mwingine uko Kamukunji. Tarehe 5 Juni 1977, marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kwa maandamano mpaka uwanja huo wa Eastlands, wakapanda miti saba ya asili. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Green Belt Movement, chama ambacho kimepanda miti mamilioni, na mwaka 2004 mwenyewe akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Katika miti ile saba ya kwanza, mitano ilikufa. Miwili ikaishi, ikawa ya kivuli. Somo lake ni wazi: kupanda ni kazi ya siku moja, kutunza ni kazi ya miaka, na mwenye kupoteza mitano asiache kuihesabu miwili.

MGENI SIKU MBILI

Lakini mkono wa mtu huweza pia kuharibu. Mti uitwao mathenge uliletwa Baringo kutoka nchi za Amerika, ukapandwa katika miaka ya 1980 ili uzuie jangwa. Ukakataa kuzuiwa wenyewe. Ulimeza malisho na kutoboa miguu ya mifugo kwa miiba yake, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 wenyeji wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Gugu maji nalo, ambalo kwao ni mito ya Amerika ya Kusini, lilifunika ghuba za Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990, na Bwawa la Nairobi pia likafunikwa. Huko kwao mimea hiyo ina wadudu na magonjwa ya kuipunguza. Ilipovuka bahari iliwaacha adui zake nyumbani.

Ndiyo maana mbegu na miche itokayo nchi za nje haina budi kupitishwa kwa wakaguzi wa mimea, na mtu asiifiche ndani ya sanduku kwa kudhani ni zawadi ndogo tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mmea yafaa kuongeza: kabla ya kumpa jembe, uliza tabia yake kwao.

LIFAALO KUTENDWA

Mwenye ua mdogo Eastlands na aanze kwa jaribio moja lisilo na gharama. Achimbe shimo la futi mbili jioni, alijaze maji, kisha alitazame asubuhi. Maji yakiwa yamekwisha, mahali hapo pana nafuu. Yakiwa bado yapo, asipande humo mparachichi, wala mpapai, wala mti wo wote usiopenda miguu yake ikae majini.

Mahali pa namna hiyo mboga hupandwa juu, si chini. Na ainue tuta la futi moja au zaidi, achanganye udongo mweusi na samadi iliyooza na mchanga, au ajaze gunia udongo mzuri na kupanda sukuma wiki ubavuni na juu yake. Akitaka mti, mpera huvumilia kuliko wengi. Akiwa na uwanja mpana ulio mbali na nyumba na mabomba, mgunga wa shina la manjano, ule umeao kando ya mito, hauogopi udongo mweusi. Shina la mti lipandwe juu ya kichuguu kidogo ili maji yaliepuke, na wakati wa kiangazi nyufa zifunikwe kwa majani makavu ili udongo usipasuke sana. Tena na ajihadhari na maji machafu ya mito ya mjini, ambayo huotesha mboga nzuri kwa macho lakini huweza kuleta sumu na maradhi nyumbani.

Kama mtaa una uwanja wa wote, jambo jema zaidi ni wakaaji kukubaliana juu ya miti michache, na kumpa kila mmoja wao mti wake wa kumwagilia kwa miaka mitatu ya kwanza.

Yule mama wa Murang'a, kabla ya kupanda gari kurudi kwake, alimwagiza mwanawe aje na gunia tupu safari ijayo, ajaze udongo mwekundu. Mzee wa reli akacheka.

"Mama, utalibeba shamba lote hata lini? Lete mbegu za managu. Hizo hazitauliza udongo ni wa nani."

Mvua za vuli zilipokuja mbegu zilifika, zikiwa zimefungwa katika kitambaa. Karani aliinua matuta mawili, moja upande wake na moja upande wa mzee. Mwezi wa Desemba nyumba zote mbili zilikula managu, na maji ya kufulia yakawa yanamwagwa mahali pengine.